Jino Kunyamaza Siko Kupona

Kila askari aliyewahi kushika zamu ya usiku anajua ya kuwa ukimya wa adui si ushahidi wa kuondoka kwake. Bunduki zaweza kunyamaza tangu magharibi hadi alfajiri, na mtu asiye na uzoefu akajilaza usingizi, kumbe upande wa pili wa mto handaki linachimbwa. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.

Neno hilo ni kweli juu ya vita, na ni kweli vile vile juu ya jino.

Mwandishi wa makala haya si tabibu. Kazi yake ni kalamu, na kabla ya kalamu ilikuwa gwaride na bunduki. Lakini jambo hili alifundishwa na gego lake mwenyewe. Nilipokuwa katika chuo cha maofisa, gego la chini upande wa kushoto lilianza kuniuma siku tatu kabla ya matembezi marefu ya usiku. Niliona haya kwenda kwa mganga wa kambi, maana nilidhani wenzangu watasema nimeogopa safari. Nikatembea na maumivu hayo kilomita baada ya kilomita, nikiwa nimeuma kitambaa.

Baada ya kuhitimu nilitibiwa mzizi wa jino hilo. Daktari alipiga picha ya eksirei, akalisafisha na kulijaza, kisha akaniagiza nirudi baada ya miezi sita na tena baada ya mwaka ili picha nyingine ipigwe. Maumivu yalikwisha siku chache tu baadaye. Nikahamishwa. Sikurudi. Nirudi kufanya nini, na jino limenyamaza?

Katika mwaka wa nne, tukiwa kazini mbali na mji, niliamka asubuhi moja na shavu limevimba hata jicho halifunguki. Gari moja na watu wawili waliondolewa kazini kunipeleka kwa daktari wa meno wa jeshi, mama mmoja mwenye cheo cha meja. Alinitibu kwanza, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake.

“Luteni, picha yako ya kwanza iko wapi?”

“Sijui, afande.”

“Mimi naliona shimo katika mfupa leo. Lakini je, wakati ule lilikuwa kubwa zaidi, au dogo, au halikuwapo kabisa? Nani atanijibu?”

Swali hilo ndilo lililonifanya nitafute elimu hii ninayowaletea leo, ndugu zangu askari wa jeshi na wa polisi: namna wataalamu wanavyotumia kompyuta kulinganisha picha za jino, ili wajue kwa hakika kama mfupa ulioliwa na maradhi unarudi au unazidi kuliwa.

MAPIGANO KATIKA NCHA YA MZIZI

Ndani ya jino lililo hai mna nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Nyama hiyo hupita katika mfereji mwembamba uliomo ndani ya mzizi, mpaka nchani. Jino likitoboka, vijidudu vya kinywani huingia. Nyama hiyo huoza na kufa, na mfereji huwa ngome ya vijidudu. Damu haifiki tena humo, kwa hiyo hata dawa anayoimeza mgonjwa haiwezi kuwafuata.

Kwamba vijidudu ndio chanzo cha uharibifu, jambo hilo lilithibitishwa nchini Marekani mwaka 1965. Kakehashi na wenzake wawili walitoboa meno ya panya wa aina mbili: panya wa kawaida, na panya waliolelewa tangu kuzaliwa mahali pasipo na kijidudu hata kimoja. Wale wa kawaida walifanya usaha na majipu. Wale wasio na vijidudu, ingawa matundu yao yalijaa mabaki ya chakula, nyama ya meno yao ilibaki hai na ikaanza kujijengea ukuta mpya.

Vijidudu wanapotishia kutoka nje ya ncha ya mzizi, mwili haukai ukitazama. Hupeleka askari wake, yaani chembe nyeupe za damu. Katika mapambano hayo mfupa ulio karibu huyeyushwa na kuondolewa, na mahali pake hujaa nyama ya uvimbe. Hilo ndilo shimo alilolisema daktari. Mfupa wenye afya huonekana mweupe katika picha ya eksirei, kwa sababu madini yake huizuia miale. Mfupa uliopoteza madini huiacha miale ipite, na katika picha pakatokea doa jeusi.

Tiba yake ni kuiteka ngome. Daktari hulitoboa jino kwa juu, huondoa nyama iliyooza, husugua mfereji kwa tupa nyembamba kama sindano, huuosha kwa dawa ya jamii ya klorini, kisha huujaza kwa gutaperka, ambayo ni aina ya mpira mgumu utokanao na utomvu wa mti. Mwisho huliziba jino kwa juu ili vijidudu wasipate mlango tena. Ngome ikitekwa sawasawa, mfupa huanza kujijenga upya, tokea kingoni kuelekea ndani.

Lakini kazi hiyo ni ya polepole. Maumivu huisha kwa siku. Mfupa hurudi kwa miezi. Aghalabu dalili za kupona huonekana katika mwaka wa kwanza, lakini mashimo mengine huchukua miaka mitatu au minne kujaa. Ndiyo maana mwongozo wa wataalamu wa mizizi ya meno wa Ulaya uliotolewa mwaka 2006 uliagiza mgonjwa atazamwe kwa picha baada ya mwaka 1 angalau, na kama doa halijatoweka, aendelee kutazamwa mpaka miaka 4. Katika muda huo wote mgonjwa anaweza asisikie lolote, awe anapona au awe anaoza.

TANGU RÖNTGEN HADI KELLS

Wilhelm Röntgen aligundua miale ya eksirei mjini Würzburg, Ujerumani, mwezi Novemba 1895. Haikupita miezi mitatu kabla daktari wa meno, Otto Walkhoff wa Braunschweig, hajaweka kipande cha kioo cha picha kinywani mwake mwenyewe na kukaa kimya mbele ya miale kwa dakika 25. Leo picha kama hiyo huchukua sehemu ndogo ya sekunde.

Huko New Orleans, Marekani, Edmund Kells alikuwa miongoni mwa madaktari wa kwanza kuitumia eksirei kwa kazi ya mizizi. Mwaka 1899 aliingiza uzi wa risasi katika mfereji wa jino, akapiga picha ili aone kama umefika nchani. Hatari ya miale ilikuwa bado haijajulikana, na Kells alikuwa akiishika filamu kwa vidole vyake. Saratani ilimla vidole, kisha mkono, na mwaka 1928 alijiua kwa sababu ya mateso hayo. Kila picha ya jino tunayopigwa leo kwa usalama ina deni kwa watu wa namna yake, na haifai kupigwa kwa mchezo wala kutupwa ovyo.

WATAZAMAJI SITA, MAJIBU MBALIMBALI

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba, picha ikiwa safi, kuisoma ni jambo jepesi: doa limepungua au halikupungua. Mwaka 1972 Goldman na wenzake huko Marekani waliijaribu dhana hiyo. Waliwapa wataalamu sita picha zile zile za meno yaliyotibiwa mizizi, kila mmoja akaamua peke yake kama tiba imefaulu au imeshindwa. Wote sita walikubaliana katika picha ambazo hazikufika hata nusu. Miezi kadhaa baadaye baadhi ya wataalamu wale wale walipewa tena picha zile zile, na ikadhihirika ya kuwa mtu hakubaliani daima hata na uamuzi wake mwenyewe wa zamani.

Yeyote aliyewahi kuchukua maelezo ya mashahidi hatashangaa. Polisi wanajua kwamba watu sita walioona ajali moja huleta habari sita. Si kwamba wanasema uwongo; ni kwamba jicho huona pamoja na matumaini. Daktari aliyelitibu jino kwa mikono yake hupenda kuona kwamba limepona.

Wataalamu wa Skandinavia walitafuta njia ya kuliwekea jicho nidhamu. Mwaka 1986 Dag Ørstavik wa Norway na wenzake walitoa kipimo chenye ngazi 5. Ngazi ya 1 ni mfupa mzima, na ngazi ya 5 ni uharibifu mkubwa. Kila ngazi ilikuwa na picha yake ya mfano, iliyotoka katika uchunguzi alioufanya Brynolf nchini Sweden mwaka 1967, ambamo picha za eksirei zililinganishwa na mfupa wenyewe ukitazamwa kwa hadubini. Msomaji wa picha hasemi tena “naona afadhali”. Hulazimika kutaja namba. Kipimo hicho kingali kinatumika mpaka leo.

Hata hivyo jicho lina upungufu ambao nidhamu haiwezi kuuondoa. Mwaka 1961 Bender na Seltzer walionyesha kwamba shimo lililomo ndani ya mfupa, penye sehemu yake laini kama sifongo, laweza lisionekane kabisa katika picha mpaka maradhi yafikie gamba gumu la nje. Kwa desturi husemwa kwamba yapata asilimia 30 hadi 50 ya madini ya mfupa lazima yapotee kabla jicho halijatambua. Basi adui huweza kuteka theluthi ya nchi, na mlinzi bado anaandika katika kitabu chake: hali shwari.

KOMPYUTA NA HESABU YA KUTOA

Hapa ndipo kompyuta inapoingia. Tuanze na mfano wa kijeshi. Ofisa wa upelelezi aletewapo picha mbili za daraja moja zilizopigwa kutoka angani kwa siku mbili, hahangaiki na vitu vilivyokuwapo siku zote mbili. Hutafuta kilichoongezeka na kilichopungua. Kama angeweza kuiondoa picha ya Jumatatu katika picha ya Ijumaa, kingebaki tu kile kilichobadilika.

Fikira hiyo ilielezwa na daktari Mholanzi, Ziedses des Plantes, katika miaka ya 1930, zamani kabla ya kompyuta, akitumia filamu mbili zilizopandanishwa. Mwaka 1983 Gröndahl na wenzake waliieleza njia ya kuifanya kwa kompyuta katika picha za meno. Mwaka 1990 Ørstavik na wenzake wakachapisha kazi yao juu ya picha za mizizi iliyotibiwa, wakitumia kompyuta kutoa picha katika picha na kupima kiasi cha weusi na weupe.

Utaratibu wenyewe si wa kichawi. Kompyuta huigawa picha katika vidoa vidogo maelfu kwa maelfu, na kila kidoa hukipa namba kufuatana na mwanga wake. Aghalabu namba huanza 0, ambayo ni weusi kabisa, hadi 255, ambayo ni weupe kabisa. Kisha huchukua namba ya kidoa katika picha mpya na kutoa namba ya kidoa kile kile katika picha ya zamani. Jibu huongezewa 128 ili pasiwe na namba chini ya sifuri.

Tuseme kidoa fulani kwenye ncha ya mzizi kilikuwa 90 mwaka jana na sasa ni 130. Tofauti ni 40. Ukiongeza 128 wapata 168, nacho kitaonekana cheupe kuliko jirani zake: madini yameongezeka, mfupa unarudi. Kama kilikuwa 90 na sasa ni 60, jibu ni 98, nacho kitakuwa cheusi: mfupa unaendelea kuliwa. Mahali ambapo hapakubadilika chochote hupata 128, rangi ya kijivu kama majivu. Meno, mizizi na taya hutoweka katika kijivu hicho, na mabadiliko peke yake hubaki yakionekana wazi.

Katika majaribio ya maabara njia hii imeweza kutambua badiliko la yapata asilimia 5 tu ya madini. Mlinganishe huyo na mlinzi wetu wa kwanza aliyengoja theluthi ya nchi itekwe.

NIDHAMU YA PICHA MBILI

Lakini kompyuta ni kama bunduki: haipigi vema kuliko mtu aliyeilenga. Hesabu ya kutoa ina sharti moja kubwa, nalo ni kwamba picha mbili zipigwe kwa namna moja. Mrushaji wa miale akisogezwa nyuzi chache tu, mzizi utaonekana mrefu au mfupi, kivuli cha taya kitahama, na kompyuta itatangaza mabadiliko ambayo hayakutokea mfupani bali katika mkono wa mpiga picha.

Kwa hiyo hutumika kishikio maalumu cha kung'ata. Mgonjwa hung'ata kipande laini ambacho hushika alama ya meno yake kisha kikawa kigumu. Siku ya picha ya pili hukirudisha kinywani, na filamu pamoja na mrushaji wa miale hukaa mahali pale pale palipokuwa mwanzo. Tena huweza kuwekwa pembeni mwa picha kingazi kidogo cha alumini, kila kidato kikiwa na unene unaojulikana. Alumini haiugui wala haiponi. Kwa hiyo ikiwa kidato chake kimeonekana cheupe zaidi safari hii, kosa ni la mwanga au la dawa ya filamu, na kompyuta hulisahihisha kabla ya kuanza kutoa. Kwa kipimo hicho pia mfupa waweza kutajwa kwa unene wa alumini ulio sawa nao, badala ya maneno matupu.

Kuanzia mwaka 1987 viligunduliwa kutumika vigunduzi vya elektroniki badala ya filamu, cha kwanza kikiwa cha Mfaransa Francis Mouyen. Picha ikaanza kuingia katika kompyuta moja kwa moja, bila chumba cha giza. Kadhalika programu za siku hizi huweza kuizungusha na kuinyoosha picha ya pili ili ilingane na ya kwanza, zikitumia alama ambazo hazibadiliki, kama vile ncha za meno jirani. Hata hivyo picha iliyopigwa kwa pembe mbaya sana haitengenezeki.

MIPAKA YA CHOMBO

Si haki kukisifu chombo bila kutaja mipaka yake. Picha huonyesha madini, haionyeshi vijidudu. Mara nyingine, hasa baada ya upasuaji wa ncha ya mzizi, mahali palipopona hujazwa kovu badala ya mfupa, na doa jeusi likabaki maisha bila ugonjwa. Tena picha ya kawaida ni kivuli bapa cha kitu chenye kina. Mashine za eksirei zenye kuonyesha taya kwa pande zote tatu, zilizoanza kutumika katika tiba ya meno mwishoni mwa miaka ya 1990, huyaona mashimo ambayo picha bapa huyaficha. Lakini huleta miale mingi zaidi na gharama kubwa zaidi, na kwa hiyo hazitumiwi kwa kila mgonjwa kila mwaka.

Katika miaka ya hivi karibuni zimetokea programu ambazo hujifunza zenyewe kutokana na maelfu ya picha zilizokwisha kusomwa na madaktari, kisha zikaweza kuonyesha doa katika picha mpya. Ni msaada mkubwa. Lakini mwanafunzi hufuata mwalimu wake: kama madaktari waliozifundisha walikosea, zitakosea pia. Uamuzi wa kulirudia jino au kuling'oa hubaki kwa daktari aliye mbele ya mgonjwa.

Na upo mpaka mmoja ambao hakuna mashine itakayouvuka. Kompyuta haiwezi kutoa picha moja katika picha isiyokuwapo.

WAJIBU WETU

Majeshi ya dunia yalijifunza kwa taabu kwamba jino ni jambo la vita. Waingereza walipopigana na Makaburu huko Afrika Kusini kati ya 1899 na 1902, askari wengi walilazwa au kurudishwa kwao kwa sababu ya meno tu. Marekani iliunda kikosi cha madaktari wa meno wa jeshi mwaka 1911, na Uingereza ikafuata mwaka 1921. Kombania isiyo na mtu mmoja imepungua mtu mmoja, awe amepigwa risasi au amevimba shavu.

Lakini sisi askari tuna udhaifu wetu maalumu. Raia hukaa mahali pamoja na daktari wake, sisi huhamishwa. Jino huenda kaskazini, picha ikabaki kusini katika kabati la mtu aliyekwisha kustaafu. Matokeo yake kila daktari hutuona kama wageni, na kila picha huwa ya kwanza. Hivyo ndivyo nilivyofanya mimi, na gharama yake ilikuwa gari moja, watu wawili, na mfupa ambao ungaliweza kuokolewa mapema.

Basi askari aliyetibiwa mzizi wa jino aiombe nakala ya picha yake, iwe filamu au iwe ya kompyuta, pamoja na tarehe na namba ya jino, aitunze kama atunzavyo kitambulisho chake. Siku ya kurudi ikifika arudi, hata kama hasikii maumivu. Tena hasa kama hasikii maumivu. Na kamanda anayeombwa ruhusa na mtu asiye na uvimbe wala homa, ambaye anasema tu kwamba anakwenda kupigwa picha ya jino, asidhani anadanganywa. Ruhusa ya asubuhi moja leo ni nafuu kuliko gari la wagonjwa kesho. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Gego langu lilisafishwa na kujazwa upya, nalo lingali kinywani. Bahasha yangu sasa ina picha tatu, nami nimehama nayo mara mbili. Mara ya mwisho meja yule aliziweka picha mbili kandokando katika kompyuta, akatoa moja katika nyingine, na pale penye ncha ya mzizi pakatokea weupe hafifu kama alfajiri. Nilimwuliza kama nimepona.

“Unapona, Luteni,” alijibu. “Rudi mwakani, tena uje na bahasha.”